Injini ya boti huanza kufa kwenye daftari

Mtu akipita katika mialo ya Ziwa Victoria, au katika fukwe za Bagamoyo, Mafia na Kilwa, hakosi kuona injini za boti zilizolazwa chini ya mti au kufunikwa turubai kuukuu nyuma ya nyumba. Baadhi zimekwisha kunyofolewa kabureta na plagi ili kuokoa injini ya jirani. Mwenye mali akiulizwa, jibu huwa moja: aliuziwa mashine feki. Ni kweli kwamba bidhaa bandia zipo sokoni na zimewaumiza wengi. Hata hivyo, kuna ukweli mwingine usiosemwa sana kwa sababu unauma. Injini nyingi haziuawi na kiwanda wala na maji ya chumvi. Zinauawa na namna mapato ya chombo yanavyogawanywa, pamoja na mazoea ya kumngoja fundi mpaka chombo kizime katikati ya maji.

Jambo hili si la wavuvi peke yao. Machungwa ya Ukerewe, nazi za Mafia na dagaa wanaokaushwa visiwani hufika sokoni kwa chombo cha majini kabla ya kupanda lori. Boti ndogo yenye injini ya kupachika nyuma, ya nguvu za farasi 8, 15 au 40, ndiyo pikipiki ya mkulima wa kisiwani. Ikilala siku tatu, matunda yanaoza na dagaa wanashuka daraja. Mchuuzi aliyekopa kwenye VICOBA naye hukosa rejesho la wiki. Kwa hiyo afya ya injini moja inagusa mifuko ya watu wengi ambao hawajawahi hata kuishika.

Gharama isiyoandikwa

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wenye boti wengi huandika petroli, chakula cha wavuvi na barafu, kwa sababu fedha hizo hutoka mkononi siku hiyo hiyo. Uchakavu wa injini hauandikwi kwa kuwa hakuna anayeudai jioni. Lakini deni hilo lipo, na linaongezeka kila injini inapowashwa.

Mfano rahisi ni huu. Injini imenunuliwa kwa Sh7,000,000 na chombo kinaingia majini siku 200 kwa mwaka. Injini hiyo ikidumu miaka 5, itakuwa imefanya kazi siku 1,000, na kila siku imekula Sh7,000 ya bei yake. Ikifa baada ya miaka 2, itakuwa imefanya kazi siku 400 tu, na kila siku imekula Sh17,500. Tofauti ni Sh10,500 kwa kila siku ya kazi, yaani Sh2,100,000 kwa mwaka.

Sasa mwenye chombo huyo atenge Sh3,000 kila siku ya kazi kwa ajili ya matunzo. Kwa mwaka atakuwa ameweka Sh600,000, ambazo zinatosha kununua plagi, oili ya gia, mpira wa pampu ya maji na vitu vidogo vingine. Injini ikifika miaka 5 badala ya 2, atakuwa bado amebakiwa na Sh1,500,000 kila mwaka, bila kuhesabu siku ambazo angelala pwani akitafuta spea. Namba hizi ni za mfano tu, na kila mtu aweke bei na siku zake mwenyewe. Zikibadilishwa kwa haki, jibu halitakwenda mbali na hili.

Nani anaumia injini ikifa?

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Katika sehemu nyingi, samaki wakishauzwa, hutolewa kwanza gharama za safari kama petroli na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri, kama wavuvi wanavyomwita mwenye chombo, na wale waliokwenda majini. Petroli inabebwa na wote. Matengenezo ya injini yanabebwa na tajiri peke yake.

Utaratibu huo una matokeo yanayoweza kutabirika. Nahodha akifungulia mafuta yote ili awahi soko, faida ya kuwahi inagawanywa kwa wote, lakini hasara ya injini kuchoka inabaki kwa mtu mmoja ambaye hakuwapo. Nahodha si mtu mbaya. Anafanya kile ambacho mgao unamlipa akifanye. Kwa upande wake, tajiri anayekaa mjini hajui hata rangi ya oili ya gia ilivyo. Akiombwa fedha za kubadilisha mpira wa pampu kabla haujakatika, anadhani anaibiwa. Basi anayeijua injini hana fedha, na mwenye fedha haijui injini.

Dawa yake ni kutoa fedha za matunzo kabla ya mgao, kama inavyotolewa petroli. Ziwekwe kwenye akaunti ya simu au kwa mweka hazina wa kikundi, na zisiguswe kwa kazi nyingine. Msimu ukiisha na fedha zimebaki, sehemu ya salio wapewe wavuvi kama bakshishi ya kutunza chombo. Hapo nahodha atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kupunguza mwendo na kusuuza injini.

Wapo watakaosema wavuvi hawatakubali kukatwa. Waonyeshwe hesabu. Katika chombo chenye wavuvi wanne wanaopata nusu ya mgao, Sh3,000 ikitolewa kabla, kila mvuvi anachangia Sh375 kwa siku. Injini ikilala wiki moja, mvuvi huyo hapati hata senti, wala hakuna anayemlipa kwa kukaa pwani.

Kazi zisizohitaji fundi

Fedha peke yake hazitoshi kama hakuna mkono wa kuzitumia. Habari njema ni kwamba kazi zinazorefusha maisha ya injini ni ndogo, na mtu aliyezoea kutengeneza baiskeli anaweza kuzifunza kwa siku mbili. Spana chache, bisibisi, koleo, brashi ya waya, grisi ya kuvumilia maji na plagi mbili za akiba zinatosha kuanzia.

Kazi ya kwanza ni petroli. Visiwani mafuta hununuliwa kwenye madumu, na dumu hubeba maji, kutu na pengine mafuta ya taa. Petroli kidogo ikimiminwa kwenye chupa nyeupe na kuachwa itulie, maji yatajitenga na kukaa chini. Chujio linalotenganisha maji, likifungwa kati ya tangi na injini, ni nyongeza ndogo inayolipa haraka kuliko nyongeza nyingine yoyote.

Kwa injini zinazochanganya oili na petroli, kipimo ni sheria. Injini nyingi za aina hiyo, zikishazoea kazi, hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Zikiwa mpya hutaka oili zaidi, na kijitabu cha kiwanda ndicho chenye neno la mwisho. Oili iwe ile ya injini za boti yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki haikutengenezwa kwa injini inayopozwa na maji baridi ya ziwa au bahari. Kukadiria kwa jicho ni kucheza kamari. Oili ikipungua pistoni inasagika, na ikizidi plagi zinashika masizi na injini inakohoa.

Kazi ya pili ni maji ya kupoza. Injini inapowashwa, mwendeshaji atazame mchirizi wa maji unaorushwa nyuma. Ukikosekana au ukidhoofika, azime mara moja. Mara nyingi tundu limezibwa na matope, mfuko wa plastiki au magugu maji, na kijiti cha waya kinalizibua. Kama tundu ni safi, basi mpira wa pampu, ambao mafundi huuita impela, umechoka. Impela ni kipuri cha bei ndogo, lakini injini ikiendeshwa bila maji kinaungua kwa muda mfupi sana, na baada yake huungua vitu vya bei kubwa. Ibadilishwe angalau kila mwaka kwa chombo cha kazi, bila kungoja ikatike.

Kwa wale wa baharini, kusuuza kwa maji baridi ni lazima kila siku ya kazi. Bomba si sharti. Pipa lililokatwa na kujazwa maji ya kisima linafaa. Mguu wa injini unatumbukizwa mpaka matundu ya maji yafunikwe vizuri, gia inawekwa katikati, na injini inazunguka taratibu kwa dakika kama 10. Mwishoni mpira wa petroli unachomolewa ili kabureta imalize mafuta yaliyobaki. Chumvi iliyokauka ndani ya njia za maji haitoki tena kwa urahisi.

Kazi ya tatu ni propela na gia. Nyuzi za nyavu na mishipi hujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela na kukata sili polepole. Sili ikikatika, maji huingia kwenye gia. Dalili yake ni oili ya gia kubadilika na kuwa nyeupe kama maziwa. Kwa hiyo propela ifunguliwe mara kwa mara na nyuzi zitolewe. Kabla ya kuishika, mipira ya plagi ichomolewe ili injini isiweze kuwaka kwa bahati mbaya.

Oili ya gia ibadilishwe kila saa 100 za kazi au kila miezi 6. Hujazwa kutoka tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu, kisha skrubu ya juu inafungwa kwanza ndipo ya chini. Anayejaza kutoka juu anafungia hewa ndani na kudhani gia imejaa.

Kalenda ya mbalamwezi na bamvua

Wengi husema hawana muda. Lakini mazingira yenyewe yameweka muda huo. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa wakati mwezi unang'aa. Siku hizo, ambazo wengi huzimalizia kijiweni, ndizo za kusafisha plagi, kupaka grisi, kukaza bolti zinazoshika injini, na kukagua betri na nyaya za taa.

Pwani kuna bamvua. Maji yakitoka sana, chombo kinakaa mchangani, na hapo ndipo pa kukwangua konokono na majani tumboni mwake, kukalafati mianya na kukagua mbao za tako. Chombo chenye tumbo chafu kinaivuta injini nyuma, na petroli inayoteketea hapo haileti samaki hata mmoja. Injini zenye kipande cha madini cha kuzuia kutu zikaguliwe pia siku hiyo. Kipande hicho kimewekwa ili kiliwe badala ya injini, kwa hiyo kikifika nusu kibadilishwe, wala kisipakwe rangi kamwe.

Tamaa ya injini kubwa

Mwenye boti akipata fedha, wazo la kwanza huwa kuongeza nguvu za farasi. Wazo hilo lichunguzwe kwa makini. Boti ya mbao iliyobeba mzigo husukuma maji, haipandi juu yake, na chombo cha namna hiyo kina mwendo wake wa mwisho unaotegemea urefu. Kwa chombo chenye urefu wa mita 8 kwenye usawa wa maji, mwendo huo ni kama kilomita 12 hadi 13 kwa saa. Ukishafikiwa, nguvu zaidi zinaishia kuinua pua na kutengeneza mawimbi makubwa nyuma. Wakati huo huo, injini ya 40 ikifunguliwa yote hunywa mafuta zaidi ya mara mbili ya ile ya 15.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilichapisha mwaka 1999 mwongozo wa kupunguza matumizi ya mafuta kwa wenye vyombo vidogo vya uvuvi, na fundisho lake kubwa lilikuwa hilo: kupunguza mwendo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuokoa mafuta. Boti nyepesi ya faiba yenye tumbo bapa, inayobeba abiria au watalii wachache, ni habari nyingine. Hiyo inaweza kupanda juu ya maji, na nguvu zaidi zinaweza kuwa na maana.

Maboresho yanayolipa kwa wengi ni madogo. Kwanza ni kurekebisha kimo cha injini, ili bamba lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya tumbo la boti au chini yake kidogo. La pili ni propela inayolingana na mzigo, badala ya ile iliyokunjwa na kunyooshwa kwa nyundo. La tatu ni kupanga mizigo isielemee tako. Na kwa wavuvi wa dagaa, taa za LED za betri badala ya karabai zimepunguza gharama ya mafuta ya taa na hatari ya moto ndani ya chombo.

Mpaka wa mkono wa mwenyewe

Kujifunza kutunza hakumaanishi kufungua kila kitu. Silinda, pistoni na umeme wa ndani ni kazi za fundi mwenye vipimo. Bolti za kichwa cha injini zikikazwa kwa kukisia, gasketi itavuja. Vivyo hivyo, pini ya propela imewekwa ivunjike ili gia ipone. Anayeibadilisha kwa msumari au chuma chochote alichookota ameiondoa kinga hiyo, na mwamba ujao utavunja gia. Pini mbili za akiba zikifungwa kwa waya chini ya kifuniko cha injini zinamwepusha na ushawishi huo.

Mafundi nao wana hoja. Wanasema wameletewa injini nyingi zilizoharibiwa na wenyewe. Hoja hiyo ina ukweli, lakini jibu lake ni kuwafundisha wenye vyombo, si kuwakataza kushika spana. Fundi mwerevu hatapoteza wateja kwa hilo. Atapokea injini zinazorudi kila mwaka kwa ukaguzi, badala ya kupokea mizoga inayokuja mara moja.

Aidha, hapa hakuzungumzwi fedha tu. Injini ikizima upepo unapovuma, chombo kinageuka ubavu na mawimbi yanaingia. Chombo chenye makafi, tanga dogo, nanga yenye kamba ndefu, plagi za akiba, kopo la kukumbia maji na jaketi la kuokolea kwa kila mtu kina nafasi ya kurudi. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwa nahodha, kwani akitupwa majini injini itazima badala ya kumwacha au kumkata. Vifaa hivi visionekane kama mambo ya kumridhisha mkaguzi wa TASAC.

Mkopo usiishie kwenye injini

Mwezi Januari 2024, mjini Mwanza, Serikali ilizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mikopo isiyo na riba. Hatua hiyo ilistahili pongezi, kwani mvuvi mdogo hawezi kupata mtaji wa namna hiyo kwenye benki kwa urahisi. Lakini mkopo hulipwa na injini inayozunguka. Injini ikifa kabla ya rejesho la mwisho, mkopaji anabaki na deni bila chombo cha kulilipa, na riba kuwa sifuri hakumsaidii.

Kwa sababu hiyo, kila anayekopesha injini, iwe Serikali, SACCOS au mfanyabiashara wa jumla anayewakopesha wavuvi ili wamuuzie dagaa, angefaa kuweka masharti matatu. Mkopaji na nahodha wake wapate mafunzo ya siku mbili kabla ya kukabidhiwa. Mkopo ubebe ndani yake boksi la spana na vipuri vya mwaka wa kwanza. Na daftari la injini likaguliwe kila rejesho linapolipwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, vinaweza kununua impela, plagi na oili kwa jumla, ili mtu wa kisiwani asifunge safari ya siku nzima kwa kipuri kinachoshikika kiganjani.

Daftari lenyewe halihitaji usomi. Safu tano zinatosha: tarehe, saa za kazi, lita za petroli, fedha ya matunzo iliyotengwa, na kilichobadilishwa. Lita zikianza kupanda wakati safari ni ile ile, daftari litakuwa limemwambia mwenye chombo kwamba tumbo ni chafu, propela imekunjika au plagi zimechoka, wiki kadhaa kabla injini yenyewe haijasema kwa kuzima. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa boti ni Sh7,000,000. Daftari la kurasa mia moja na kalamu yake havifiki hata bei ya lita mbili za petroli.